Tanuri na Shamba: Uongozi katika Vikundi vya Waandishi wa Programu

Iyula ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 mkoa wa Mbeya ulipogawanywa. Ni nchi ya miinuko, nchi ya kahawa na mahindi, katika Unyiha. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini insha juu ya waandishi wa programu za kompyuta ianzie huko badala ya kuanzia Nairobi au Dar es Salaam. Jibu ni kwamba swali linaloshughulikiwa humu si la mashine. Ni swali la watu wafanyao kazi moja pamoja, na la mtu aliyewekwa mbele yao. Na juu ya jambo hilo Unyiha una historia yake, tena ndefu kuliko ya kompyuta.

Kabla ya ukoloni Wanyiha walikuwa wayeyushaji na wafuaji wa chuma. Mawe ya chuma yalipangwa pamoja na makaa katika tanuri refu la udongo, lenye kimo kupita mtu, lililovuta upepo lenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini; kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo la mivukuto kabla hakijafika kwenye nyundo. Kazi hii ilihitaji mikono mingi: ya kuchimba mawe, ya kukata miti na kuchoma makaa, ya kufinyanga tanuri lenyewe. Lakini ilikuwa na bwana mmoja. Fundi mkuu ndiye aliyejua kipimo cha mawe na makaa, na ndiye aliyeshika dawa na miiko. Ukuu wake haukutokana na kiburi, bali na tabia ya kazi. Tanuri likisha kujazwa na kuwashwa halirekebishiki. Kosa la kipimo halionekani mpaka moto umekwisha, na hapo miti mingi imekwisha kuwa majivu. Katika kazi ya namna hiyo, kiongozi ni yule ajuaye yote kabla.

Kazi ya pili ni kilimo cha ujima. Mwenye shamba hupika pombe ya ulezi, hutoa habari, na siku iliyowekwa majirani huja na majembe yao. Yeye hahitaji kuwashinda wenziwe kwa ujuzi wa kushika jembe. Kazi yake ni kutazama. Upande mmoja ukilegea huhamisha watu. Wingu likitanda huwahimiza wamalize sehemu iliyokwisha kuanzwa wasianze mpya. Na ikiwa jambo halikwenda sawa, huambiwa palepale, maana jirani ni mtu huru, na asiporidhika hatarudi mwaka ujao. Hapa kiongozi ni yule aonaye mapema.

Nimezileta kazi hizi mbili mbele ya msomaji kwa sababu historia ya uandishi wa programu, ambayo haijatimiza hata miaka mia, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliodhani wamo tanuruni kumbe wamo shambani.

Katika miaka ya 1960 programu zilikuwa zimekua kupita uwezo wa mtu mmoja kuziandika. Mwezi wa Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, katika Ujerumani, kujadili jinsi kazi hizo zilivyochelewa, zilivyopita gharama na zilivyojaa makosa. Frederick Brooks, aliyesimamia katika kampuni ya IBM uandishi wa programu kuu ya mitambo ya 360, alieleza katika kitabu chake cha 1975 jambo ambalo mkulima yeyote angelishangaa: ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa, unazidi kuichelewesha, kwa sababu wageni wanahitaji kufundishwa na wale wale ambao wangekuwa wakiandika. Dawa iliyotumiwa na wengi ilikuwa ile ya tanuri. Mahitaji yote yakusanywe kwanza na kutiwa sahihi, kisha ramani ichorwe, kisha programu iandikwe, kisha ijaribiwe, mwisho mwenye nayo akabidhiwe. Wenyewe huufananisha mtindo huu na maporomoko ya maji, kwa kuwa maji yakishuka hayarudi. Aghalabu hutajwa kwamba asili yake ni makala ya Winston Royce ya mwaka 1970, na hapa pana kichekesho kidogo cha historia, kwani Royce aliuchora mtindo huo na papo hapo akaonya kwamba ukifuatwa hivyo hivyo una hatari ya kuangukia patupu. Wengi waliitwaa picha wakaliacha onyo.

Programu lakini si chuma. Mstari wake wa leo waweza kufutwa kesho, wala hapana mti uliokatwa bure. Wako walioliona hili mapema: wale walioandika programu za safari za Mercury, Wamarekani walipoanza kupeleka watu angani mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliigawa kazi yao katika vipande vya nusu siku, kila kipande kikijaribiwa kabla ya kinachofuata. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichunguza jinsi makampuni kama Honda na Canon yalivyotengeneza bidhaa mpya, wakavifananisha vikundi vyake na timu ya raga inayosonga mbele pamoja huku ikirushiana mpira. Kutoka katika mchezo huo ndiko lilikotoka jina la skramu, mtindo ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliueleza hadharani mwaka 1995. Halafu mwezi wa Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi ambalo tangu hapo mtindo wa namna hii huitwa kwa jina lake: ajaili, yaani wepesi. Kiini cha tamko hilo ni kwamba programu itolewe kidogo kidogo na mara kwa mara, ionwe na watakaoitumia, na mpango ubadilike kufuatana na kilichoonekana.

Tangu hapo pamekuwa na ubishi juu ya kiongozi. Ikiwa kikundi kinajipangia kazi chenyewe, kama wenye tamko walivyotaka, kiongozi amebakiwa na nini? Takeuchi na Nonaka walikuwa wamesema kwamba usimamizi upo, ila ni usimamizi usioonekana sana. Wengine wamelitwaa neno la Robert Greenleaf, aliyeandika mwaka 1970 juu ya kiongozi aliye mtumishi kwanza, wakasema kiongozi wa kikundi chepesi ni mtumishi wa kikundi. Neno ni zuri. Kwa maoni yangu, hata hivyo, uzuri wake unaficha jambo. Mtumishi hutimiza aliloagizwa. Lakini anayeongoza kikundi cha namna hii yampasa mara kwa mara kusimama mbele ya waliotoa fedha na kusema kwamba kilichoagizwa sicho kinachotakiwa. Hilo si jambo la utumishi. Ni jambo la kuwa mahali ambapo habari mbaya hukufikia mapema, na la kuwa na mamlaka ya kugeuza kazi baada ya kuisikia. Asiyekuwa na la kwanza ni kipofu. Asiyekuwa na la pili ni mlalamikaji. Historia ya Afrika Mashariki ina mifano ya hali zote hizi, na wa kwanza wala hauhusu kompyuta.

Kila mwanafunzi wa historia ya Tanganyika amesoma juu ya mpango wa karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga kwa mashine ili kuondoa uhaba wa mafuta ya kula uliofuata vita. Watu watatu wakiongozwa na John Wakefield walipelekwa kuitazama nchi. Walizunguka kwa majuma 9, tena kwa sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na shauri la kulima ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yao Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Msomaji aitazame hesabu hiyo kwa makini. Hapana shamba la majaribio ndani yake. Shamba la kwanza lilikuwa na ukubwa ule ule wa shamba la mia na saba.

Yaliyofuata Kongwa yanajulikana. Mwaka wa kwanza palikusudiwa kulimwa ekari 150,000, na zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Visiki vya Ugogo viliyavunja matingatinga, mengi yao yakiwa mabaki ya vita. Mvua haikuja kwa kalenda. Ardhi ilipokauka ikawa ngumu kama tofali, na karanga, ambayo huzaa chini ya ardhi, haikuchimbuka. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa kama pauni milioni 36.

Wanahistoria wameilaumu mvua, udongo, mashine, na siasa za London. Mimi nataka kuelekeza macho kwenye uongozi, kwa sababu viongozi hodari hawakukosekana. Mwaka 1948 meneja mkuu wa Kongwa alikuwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi mwenye uzoefu mkubwa wa kuamuru. Amri zilishuka bila taabu. Kilichokosekana ni njia ya kupandisha habari. Ukame wa Ugogo haukuwa siri; Wagogo wenyewe walikuwa na kumbukumbu ya njaa zilizokuwa na majina. Lakini hapana mahali katika mpango ambapo habari hiyo ingeweza kuingia na kubadilisha kitu, kwa sababu idadi ya ekari ilikuwa imekwisha kutangazwa bungeni, na waziri John Strachey alikuwa amekwisha kuutetea mpango mbele ya watu. Walilima shamba kama kwamba wamewasha tanuri, na shamba ndilo lingewaruhusu kurekebisha kwa ekari chache za kwanza.

Kutoka karanga mpaka simu ni mwendo wa miaka zaidi ya 50, lakini mambo yaliyo katikati yake ni yale yale: fedha za Waingereza, wageni wachache waliotumwa, na mpango ulioandikwa mbali. Nick Hughes, aliyekuwa katika kampuni ya Vodafone, alipata msaada wa idara ya maendeleo ya serikali ya Uingereza ili kujaribu kama simu ya mkononi ingeweza kuwasaidia maskini kupata huduma za fedha. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Mwenzake Hughes, Susie Lonie, alipelekwa Nairobi kusimamia majaribio pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu. Kusudi lililoandikwa lilikuwa moja: mkopaji mdogo apokee na kurudisha mkopo wake kwa simu.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na wateja wasiotimia 500. Katika insha hii nambari hiyo yafaa iwekwe kando ya ekari 150,000 za Kongwa. Wateja walikuwa wachache kiasi cha kuweza kufuatwa na kuulizwa. Na matatizo yao yalikuwa mengi, tangu namna ya kufundisha matumizi ya simu mpaka hesabu za Faulu zilizokuwa ngumu kulinganishwa na hesabu za mtambo. Lakini jambo kubwa lilijitokeza penye kufaulu. Watu waliopewa njia ya kurudishia mikopo walianza kuitumia kwa mambo ambayo hayakuandikwa popote: walitumiana fedha wao kwa wao, waliwalipia wengine mikopo nao wakalipwa kwa namna nyingine, waliziweka fedha kwenye simu wakiwa safarini ili wasiibiwe. Mfanya biashara mwenye mke au mume shamba alituma nyumbani.

Hapo ndipo uongozi ulipojulikana. Ilikuwa rahisi, na hata ingekuwa heshima mbele ya waliotoa fedha, kuandika ripoti kwamba wateja wanatumia mtambo isivyopasa, kisha kuziba njia hizo. Hughes na Lonie walifanya kinyume chake. Waliuacha mkopo, ambao ndio uliokuwa sababu ya kazi nzima, na M-Pesa ilipofunguliwa kwa watu wote wa Kenya mwezi wa Machi 2007 tangazo lake lilihusu jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kwa Vodacom. Sidhani kwamba kufaulu kwa M-Pesa kulitokana na uongozi peke yake. Mtandao wa mawakala, nguvu ya Safaricom katika soko, na uvumilivu wa Benki Kuu ya Kenya ni sababu zilizo wazi. Ninachosema ni kwamba pasipo mtu aliyesimama karibu na wale wateja 500 akiwa na ruhusa ya kuligeuza kusudi lenyewe, sababu hizo nyingine zingeutumikia mtambo wa mikopo, nao ungekwisha majaribio yalipokwisha.

Mfano wa tatu ndio utakaoturudisha Iyula, nao ni mgumu zaidi, kwa kuwa ndani yake hapana mshindi wala mshindwa.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 zahanati na vituo vya afya vya Tanzania bara vimekuwa vikiandika kazi zao katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Vitabu vilikuwa 12, kila kimoja na namba yake: namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 6 kwa wajawazito, namba 7 kwa watoto, namba 12 kwa wanaojifungua. Muuguzi huandika mstari kwa kila mtu. Mwisho wa mwezi au wa robo mwaka hujumlisha, na jumla hupelekwa wilayani. Kwa zahanati za Mbozi, na Iyula ikiwa miongoni mwa kata zake, wilayani maana yake ni Vwawa. Kutoka huko jumla huenda mkoani, kisha wizarani. Kazi ya kujumlisha si ndogo. Muuguzi huifanya usiku au siku za mapumziko, na kwa miaka mingi hapana kilichorudi kwake baada ya karatasi kuondoka.

Wakati MTUHA ikienea Tanzania, Afrika ya Kusini ilikuwa ikitoka katika ubaguzi. Mwaka 1994 huko Cape Town palianzishwa kazi ya kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa zimetawanywa katika idara nyingi zilizogawanywa kwa rangi. Mnorwe Jørn Braa na wenziwe, pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Western Cape, walianza na wilaya chache. Braa alitoka katika shule ya Oslo, ambako Kristen Nygaard, mmoja wa mabingwa wa sayansi ya kompyuta, alikuwa amefanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wawe na sauti juu ya mitambo iliyoletwa viwandani mwao. (Chuma tena, lakini safari hii waliopo kwenye moto ndio waliotakiwa kusema.) Programu yao, iliyoitwa DHIS, ilirekebishwa mara kwa mara kwa maneno ya watu wa wilayani, na mwandishi wake mkubwa, Calle Hedberg, alikuwa karibu nao. Mwanzoni mwa karne hii ikawa programu ya Afrika ya Kusini nzima.

Mnamo 2002 kazi hiyo ilifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimu na wanafunzi wa idara ya kompyuta, kati yao Honest Kimaro na Juma Lungo, waliitafsiri programu kwa Kiswahili na kuijaribu katika wilaya za mkoa wa Pwani. Kwa sura yake ilikuwa kazi nyepesi kabisa: kikundi kidogo, hatua fupi, watumiaji karibu. Walakini kwa miaka kadhaa haikusonga mbele sana. Kimaro, pamoja na mwenzake wa Msumbiji, Leopoldo Nhampossa, waliandika mwaka 2005 kuhusu sababu za mifumo ya namna hii kutodumu katika nchi zao, na nyingi ya sababu hizo ni za uongozi: wizara isiyokuwa na watu wake wa kuirekebisha programu, na wafadhili ambao kila mmoja alikuja na mpango wake na muda wake.

Kwa lugha ya insha hii, kikundi cha Dar es Salaam kilikuwa na macho lakini hakikuwa na mkono. Kiliona kwamba muuguzi huandika jambo moja mara tatu katika fomu za miradi mitatu. Hakikuwa na ruhusa ya kufuta hata moja. Waandishi wa programu waliweza kubadili kisanduku kwenye kompyuta alasiri moja. Kitabu cha karatasi, kilichochapishwa kwa maelfu na kusambazwa nchi nzima, hakibadiliki alasiri moja. Humo ndimo tanuri lilimokuwa limebaki. Tena sioni kwamba ni haki kumlaumu aliyekilinda kitabu hicho: takwimu za nchi zikibadilishwa vipimo kila mwezi, hazitalinganishika mwaka hata mwaka.

Zanzibar mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2005 hivi, watu wa afya wa wilaya 10 za Unguja na Pemba walianza kukutana kila robo mwaka, kwa siku kadhaa mfululizo. Kila wilaya ilisimama na takwimu zake zilizotoka katika DHIS, na wilaya nyingine zikazihoji. Kwa nini chanjo zimepita idadi ya watoto? Kwa nini kituo hiki hakina hata mgonjwa mmoja wa malaria katika msimu wa mvua? Kisha watu wa miradi na wa wizara, nao wakiwa ndani ya chumba hicho hicho, walisikia ni maswali gani ya fomu yasiyojibika, na fomu zikarekebishwa. Braa na wenziwe waliyaeleza mabaraza hayo mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, wakionyesha jinsi ubora wa takwimu ulivyopanda watu walipoanza kuzitumia wenyewe.

Jambo la kutazamwa hapa ni baraza lenyewe kuliko tabia ya mtu yeyote aliyeliongoza. Hodari wa kusikiliza aweza kuhamishwa kesho. Siku iliyowekwa, ambapo kila mtu ana zamu ya kukosolewa na mwenye mamlaka ya kubadili yumo chumbani, hubaki. Ukilinganisha na shamba la ujima utaona kufanana: siku hujulikana, majirani huona kazi kwa macho yao, na hapana aliye mkubwa kiasi cha kutoambiwa. Vikundi vya skramu navyo vina kikao cha namna hii mwisho wa kila kipande cha kazi, ila aghalabu mwenye fedha hayumo.

Yafaa nikumbushe kwamba Tanzania ilikwisha kujaribu jambo la jirani na hili kwa njia ya tamko. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiburi cha viongozi na kutaka wafanyakazi washirikishwe. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko ilivyotazamiwa. Kati ya 1971 na 1973 palitokea migomo mingi viwandani, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mjini Dar es Salaam walikichukua kiwanda chenyewe. Serikali iliyotoa tamko ikaanza kuzuia. Haki ya kusema ilikuwa imetolewa bila kikao cha kusemea ambacho pande zote mbili zingekubali matokeo yake, na kwa hiyo ilisemwa kwa kufunga milango ya kiwanda.

Tanzania bara iliifikia programu mpya, DHIS2, kwa mwendo wa hatua. Hii iliandikwa upya kuanzia mwaka 2004 chini ya uongozi wa Oslo, ikitumia intaneti; Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, baada ya majaribio katika mkoa wa Pwani, ilimaliza mikoa yote mwaka 2013, wizara ikifanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mashirika mengine. Jambo moja la ufundi lililomo ndani yake lina uzito wa uongozi. Fomu katika DHIS2 haitengenezwi na mwandishi wa programu. Hutengenezwa kwa kuchagua na kupanga, na mtu wa wizara aliyefundishwa aweza kuifanya bila kuandika hata mstari mmoja. Kwa hiyo waandishi wa Oslo, kwa namna ya kuandika kwao, walihamisha sehemu ya mamlaka kutoka mikononi mwao wakaikabidhi wizara. Naliona hili kuwa tendo la uongozi kubwa kuliko kikao chochote, ingawa lilifanywa kimya kimya ndani ya programu.

Vwawa leo mtumishi wa takwimu huingiza jumla za vituo katika kompyuta, na zikihitilafiana na za mwezi uliopita mtambo humwonya papo hapo. Aweza kupiga simu kituoni siku hiyo hiyo. Hiyo ni habari mbaya iliyofika mapema, na kwa sehemu hiyo ya safari kazi imekwisha kuwa ya shamba. Lakini muuguzi ambaye huona kila mwezi kwamba kisanduku fulani hakiendani na wagonjwa wanaomjia ana karatasi ya kujibia tu. Hana karatasi ya kuulizia. Neno lake likitoka Iyula litafika Vwawa iwapo mtu wa wilaya amepanda gari kumtembelea, litatoka Vwawa iwapo mtu huyo ameliandika, na litabadili kitabu iwapo limewahi kabla ya uchapishaji unaofuata. Kikundi cha waandishi wa programu waweza kukiweka popote penye umeme na intaneti. Umbali wa muuguzi huyo mpaka kwenye chumba kinapoamuliwa kitabu haujapunguzwa na waandishi hao kwa hata hatua moja, wala haikuwa kazi waliyopewa.